Jumatatu ya Waridi Mjini Köln: Kicheko Kinachotangulia Majivu



Wapendwa waamini, kila mwaka Kipindi cha Kwaresima kinapokaribia, picha za kanivali ya Ujerumani huenea katika simu zetu: umati uliovaa mavazi ya ajabu, masanamu makubwa juu ya magari, na pipi zikirushwa kama mvua. Baadhi yenu mmetuuliza maswali ya msingi. Je, hii ndiyo nchi iliyotuletea wamisionari, wakiwemo Wabenediktini waliofika Pugu mwaka 1888? Je, sherehe hizi ni za Kanisa au za kipagani? Na Mkristo aliye katika hali ya neema aweza kusimama katikati ya kelele hizo bila kuichafua dhamiri yake?

Wakati wa masomo yetu huko Ulaya tulijaliwa kuushuhudia msafara mkubwa wa Jumatatu ya Waridi mjini Köln. Katika makala hii tunaeleza asili yake, namna unavyoendeshwa, na mambo ambayo mwamini anapaswa kuyapima kwa mwanga wa imani.

Jina na kalenda

Neno kanivali lina mizizi katika Kilatini cha Zama za Kati, nalo lahusiana na tendo la kuiondoa nyama mezani. Wajerumani wa maeneo mengi husema Fastnacht, yaani usiku wa kuamkia mfungo. Na wale wa Bavaria husema Fasching, neno la kale lililohusu kinywaji cha mwisho kinachomiminwa kabla ya mfungo. Majina yote matatu yanaelekeza macho kwenye Kwaresima. Bila mfungo, majina hayo yangekosa maana.

Tukumbuke kwamba Wakristo wa zamani hawakujinyima nyama peke yake. Walijinyima pia mayai, maziwa, siagi na mafuta ya wanyama. Kwa kuwa vyakula hivyo havingekaa hadi Pasaka bila kuharibika, busara ya jikoni ilidai vitumike kabla ya Jumatano ya Majivu. Ndiyo sababu hata leo, katika siku hizo, Wajerumani hula maandazi ya mviringo yaliyokaangwa kwa mafuta mengi na kujazwa jamu ndani. Sherehe ilianza kama jambo la kumaliza akiba ya ghalani, kisha watu wakaongeza ngoma.

Tarehe ya kanivali hufuata Pasaka. Toka Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu kuna siku 46. Ukiziondoa Dominika 6, ambazo ni kumbukumbu ya Ufufuko na hazifungwi, zinabaki siku 40 za mfano wa Bwana jangwani. Jumatatu ya Waridi huangukia siku 48 kabla ya Pasaka. Kuhusu jina lake, wapo wanaolihusisha na Dominika ya nne ya Kwaresima, ambayo padre aweza kuvaa mavazi ya rangi ya waridi. Wengine hulihusisha na neno la lahaja ya watu wa mto Rhine lenye maana ya kufanya vurugu za furaha.

Msimu wenyewe hufunguliwa mapema zaidi, tarehe 11 Novemba, saa tano na dakika 11 asubuhi, ambayo kwa hesabu ya saa za Wazungu ni saa 11 na dakika 11. Siku hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Martino wa Tours. Zamani, baada ya sikukuu hiyo, ulianza mfungo wa kujiandaa kwa Noeli, hivyo nayo ilikuwa siku ya kula na kunywa kabla ya kujinyima. Namba 11 yenyewe huelezwa kuwa ni namba ya wapumbavu, kwa kuwa huzivuka Amri 10 za Mungu kwa hatua moja.

Köln, mji wa Mamajusi

Köln ni mji wa kale wa Kikatoliki. Mwaka 1164 Askofu Mkuu Rainald von Dassel alileta toka Milano masalia yanayoheshimiwa kuwa ya Mamajusi watatu, na kwa ajili yake likajengwa Kanisa Kuu ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1248 na kukamilika mwaka 1880. Minara yake ina urefu wa mita 157. Ngao ya mji ina mataji 3 ya Mamajusi na alama 11 nyeusi, zinazomkumbuka Mtakatifu Ursula shahidi na wenzake.

Kanivali ilikuwapo huko tangu Zama za Kati, lakini msafara tunaoujua leo una umri wa karne 2 tu. Mwaka 1794 jeshi la Ufaransa liliutwaa mji, na mwaka 1815 mji ukawa chini ya Prussia. Watu wa Köln wakajikuta wanatawaliwa na wageni, na sherehe za mitaani zikawa hazina utaratibu. Mwaka 1823 raia wenye nafasi waliunda kamati ya kuziratibu, na tarehe 10 Februari mwaka huo msafara wa kwanza ukapita mitaani. Mwaka huohuo kiliundwa pia kikundi cha Rote Funken, yaani Cheche Nyekundu, ambacho wanachama wake huvaa sare za askari wa zamani wa mji. Ni askari wa mzaha: bunduki zao za mbao huchomekwa maua, na katika dansi yao maarufu husimama wawili wawili, mgongo kwa mgongo, wakisuguana makalio. Chini ya utawala uliopenda gwaride na amri, huo ulikuwa ujumbe ulioeleweka bila hotuba.

Kila mwaka huteuliwa watu watatu wa kuongoza sherehe: Mwanamfalme, Mkulima na Bikira. Mkulima hubeba funguo za mji. Bikira, ambaye kwa desturi ni mwanamume aliyevaa mavazi ya kike, huvaa taji lenye umbo la ukuta, kwa maana kwamba mji haukutekwa na adui. Watatu hao hawaonekani siku ya msafara tu. Katika wiki zote za msimu huzitembelea hospitali, nyumba za wazee na shule, na mwezi Januari wanakanivali huja Kanisa Kuu kwa ibada.

Tuliyoyaona barabarani

Alhamisi inayotangulia huitwa kanivali ya wanawake. Siku hiyo wanawake hushika hatamu za mji kwa mzaha, na mwanamume anayetoka nyumbani akiwa amevaa tai hurudi na nusu yake, kwa maana hukatwa kwa mkasi. Inasemekana desturi hii ilipata nguvu kwa wafuaji nguo wa Beuel, karibu na Bonn, ambao mwaka 1824 waliunda kamati yao wenyewe. Dominika ni zamu ya shule na mitaa. Jumatatu ndiyo kilele.

Tulisimama katika mtaa wa Severinstraße, hatua chache toka lango la kale la Severinstor. Baridi ilikuwa kali, na tulivaa koti zito juu ya kola ya kipadre. Msafara huo hutembea zaidi ya kilomita 7, ukiwa na washiriki takriban 12,000: bendi za tarumbeta, farasi, vikundi vya dansi, na magari yaliyobeba masanamu. Kando ya barabara watazamaji huzidi milioni moja. Ukisimama mahali pamoja, huchukua saa kadhaa kabla ya gari la mwisho, lililombeba Mwanamfalme, kupita mbele yako.

Watu hupaza sauti wakisema “Alaaf”, salamu ya kuusifu mji wa Köln, na “Kamelle”, wakiomba pipi. Takriban tani 300 za peremende na chokoleti hurushwa siku hiyo, pamoja na vishada vya maua. Bibi mmoja aliyekuwa kando yetu aliugeuza mwavuli wake juu chini, akakinga pipi kama mtu akingaye maji ya mvua kwa sufuria. Kila alipojaza, aliwagawia watoto waliokuwa nyuma ambao mikono yao haikufika. Hatukujua jina lake, wala yeye hakujua majina ya watoto wale.

Mzee mmoja, aliyevaa kama mchekeshaji wa sarakasi na kupaka pua rangi nyekundu, alitutazama shingoni akacheka. Akatuuliza kwa upole, “Vazi hili zuri umelinunua duka gani?” Tukamjibu kwamba hatukulinunua kwa ajili ya kanivali, tulipewa Daraja Takatifu, nasi tunalivaa hata Jumanne na Jumatano. Alidhani tunaendeleza mzaha. Alipotambua kuwa ni kweli, alivua kofia yake ya rangi, akanyamaza. Kisha akasema, “Padre, mahali hapa tulikuwa tunasimama na mke wangu. Mwaka huu nimekuja peke yangu. Nimevaa hivi kwa sababu yeye ndiye aliyelishona.” Akaomba tumwombee marehemu. Tukasali Atukuzwe Baba na Raha ya Milele, kwa sauti ya chini, katikati ya tarumbeta. Baada ya hapo akavaa kofia, akainua mkono, akaomba pipi kama wengine.

Tulijifunza kwa mzee yule kwamba barakoa si lazima ifiche. Yaweza kumsaidia mtu kuubeba mzigo ambao uso wake mtupu usingeubeba mbele za watu.

Utani unaopanda juu

Masanamu juu ya magari huwakejeli wenye mamlaka: marais, mawaziri, matajiri, na hata viongozi wa Kanisa. Mjini Düsseldorf, ambako msanii Jacques Tilly anajulikana sana kwa kazi hiyo, magari kadhaa yamelikosoa Kanisa kwa ukali kuhusu kashfa za unyanyasaji wa watoto. Inauma kwa padre kuona hayo. Lakini ni haki tukiri kwamba kilichouma kwanza ni dhambi yenyewe na majeraha ya watoto wale, na sanamu la karatasi lilikuja baadaye kutukumbusha.

Sisi nasi tuna utani. Wachaga na Wapare ni watani, na mtani aweza hata kuingia msibani akawachekesha wafiwa bila mtu kuudhika. Utani wa wahenga wetu una sheria yake: unakwenda na kurudi. Anayekutania leo, kesho utamtania, na siku ya shida ndiye atakayekuwa wa kwanza kushika jembe kaburini. Penye utani pana undugu ulioridhiwa na pande zote mbili.

Kwa kipimo hicho twaweza kuipima kanivali pia. Katika msafara ule tulikiona kikundi kimoja kilichopaka nyuso masizi, kikavaa sketi za majani na kubeba mifupa ya bandia, kikijifanya ni “Waafrika”. Walirusha pipi kama wengine, na huenda hawakuwa na chuki moyoni. Hata hivyo, mtoto mmoja mweusi aliyekuwa amebebwa mabegani na baba yake aliacha kunyoosha mkono. Aliwatazama, kisha akamtazama baba yake. Hatukusikia alichouliza. Huo haukuwa utani, kwa kuwa sisi hatukuwahi kuulizwa kama tunaridhia, wala hatukuwa na gari letu la kujibia.

Historia yao wenyewe inawaonya. Wakati wa utawala wa Wanazi, Wayahudi walifukuzwa katika vyama vya kanivali, na mwaka 1934 msafara wa Köln ulikuwa na gari lililowakejeli Wayahudi waliokuwa wanaikimbia nchi. Watu walicheka. Miaka michache baadaye waliokejeliwa walipelekwa kuuawa. Katika mji huohuo aliishi Karl Küpper, mchekeshaji wa jukwaani, ambaye aliendelea kuwakejeli Wanazi wenyewe hadi akapigwa marufuku kusema hadharani mwaka 1939. Kicheko cha umati kilimwangukia mnyonge. Kicheko cha Küpper kilimkabili mwenye nguvu, naye akakilipia gharama. Mwaka 2017 Wayahudi wa Köln waliunda tena chama chao cha kanivali, jambo linaloonesha kwamba furaha iliyonyang'anywa yaweza kurudishwa.

Aidha, zipo nyakati ambazo wenye sherehe hujua kunyamaza. Mwaka 1991 msafara rasmi ulifutwa kwa sababu ya vita vya Ghuba. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipamba moto siku ileile ya kanivali ya wanawake, na Jumatatu iliyofuata watu takriban 250,000 walitembea Köln kudai amani mahali pa sherehe, wengi wakiwa na mavazi yao ya kanivali.

Mama Kanisa anafundisha nini?

Maandiko Matakatifu hayaikatai furaha. Mhubiri anatufundisha kwamba kilio kina wakati wake na kicheko kina wakati wake. Mfalme Daudi alicheza kwa nguvu zake zote mbele ya Sanduku la Agano, naye Mikali aliyemdharau ndiye aliyebaki na aibu.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika sehemu ya pili ya Summa, anaeleza kwamba kuna fadhila inayohusu michezo na mizaha. Anakumbusha simulizi la Mtume Yohane, aliyekutwa akijiburudisha na wanafunzi wake, watu wakakwazika. Yohane akamwuliza mmoja aliyekuwa na upinde kama angeweza kurusha mishale bila kukoma. Yule akajibu kuwa upinde ungevunjika. Ndivyo ilivyo roho ya mwanadamu: isipolegezwa, huvunjika. Lakini Tomaso anaweka mipaka: mzaha usiwe na maneno au matendo machafu, usimdhuru jirani, usiipoteze akili, na ufae wakati, mahali na mtu. Wahenga wetu walisema kwa ufupi kwamba ngoma ikilia sana hupasuka.

Mama Kanisa hakufumba macho mbele ya ulevi na uasherati wa siku hizo. Mwaka 1556, mjini Macerata nchini Italia, Wayesuiti waliitumia ibada ya Saa Arobaini kuwavuta watu waiabudu Ekaristi Takatifu wakati wa kanivali. Mwaka 1748 Papa Benedikto XIV alitoa rehema kamili kwa waamini walioshiriki ibada ya namna hiyo katika siku hizo. Tuone hekima iliyomo: badala ya kukemea peke yake, Kanisa liliwasha mishumaa altareni na kuufungua mlango.

Sanamu la majani na alama ya majivu

Usiku wa Jumanne, Köln hufanya jambo la ajabu. Sanamu la majani makavu, liitwalo Nubbel, ambalo lilining'inizwa juu ya mlango wa baa siku zote za sherehe, hushushwa na kushitakiwa. Nani amezimaliza fedha zetu? Nubbel! Nani ametufanya tulewe? Nubbel! Kisha huchomwa moto, nao watu hulia kwa mzaha.

Mtu msomaji wa Maandiko atamkumbuka mbuzi wa kitabu cha Walawi, aliyewekewa dhambi za watu na kupelekwa jangwani. Binadamu wa kila zama anatamani awepo mwingine wa kuyabeba makosa yake. Lakini majani yanaungua, na asubuhi dhamiri iko palepale. Ndipo mwamini huamka, huenda kanisani, na hupakwa majivu katika paji la uso wake mwenyewe. Pale hakuna tena Nubbel. Yuko mwenye dhambi, na yuko Mwanakondoo wa Mungu aliyezichukua dhambi kwa hiari na kwa upendo. Sanduku la maungamo ndilo mahali pekee ambapo lawama hukoma na msamaha huanza.

Hatari kubwa ya kanivali ya leo haipo katika pipi wala tarumbeta. Ipo kwa wale wanaosherehekea usiku wa kuamkia mfungo, halafu mfungo wenyewe hawaujui. Ni sawa na kuvaa nguo za arusi, kula pilau, kucheza, kisha kuondoka ukumbini pasipo bwana wala bibi arusi.

Nasi tujipime

Ndugu zangu, tusiwahukumu wa mbali upesi. Katika parokia zetu wiki za mwisho kabla ya Kwaresima hujaa ndoa na sherehe, na kwa wengine Jumanne ile ni usiku wa nyama choma na bia hadi alfajiri. Kisha Jumatano tunapanga mstari kupokea majivu, wengine kwa mazoea tu. Swali ni lilelile kwa mtu wa Köln na kwa mtu wa kwetu: je, majivu yanabadili chochote Alhamisi?

Jibu mojawapo jema lilitoka Köln kwenyewe. Mwaka 1958 Kardinali Joseph Frings, Askofu Mkuu wa mji huo, aliwapendekezea maaskofu wenzake wa Ujerumani mfuko wa kupambana na njaa na magonjwa duniani. Ukazaliwa Misereor, ambao mchango wake mkuu hukusanywa Kwaresima na kuzifikia nchi nyingi za Afrika. Huenda baadhi ya mikono inayodaka pipi Jumatatu ndiyo inayotia bahasha katika kapu wiki chache baadaye.

Kwa hiyo, tunawashauri waamini mambo matatu. Kwanza, ukisherehekea, sherehekea kwa namna ambayo ungeweza kuieleza mbele ya watoto wako. Pili, ukitania, mtanie anayeweza kukujibu. Kamwe usimcheke maskini, mlemavu au mgeni. Tatu, kabla ya Jumatano ya Majivu, amua ni nani atakayeshiba kwa kile utakachojinyima, na umjue kwa jina.

Bwana anatuagiza katika Injili ya siku hiyo kwamba tunapofunga tusikunje nyuso. Naam, aliyecheka kwa haki Jumatatu aweza kufunga kwa uso mkunjufu Jumatano, kwa kuwa njia yote inaelekea asubuhi ya Pasaka, ambako furaha haitahitaji barakoa.

Tunawatakia maandalizi mema ya Kwaresima. Mungu awabariki.